DADA MASITI WA BARAWA: MTOTO ALIYECHUKULIWA, MAMA ALIYEFUNDISHA MJI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho. Ama baad.

Ndugu Muislamu, umezoea kusoma katika karatasi hii habari za masahaba na za maimamu wakubwa wa zamani. Ijumaa hii tunakuletea maisha ya mama mmoja wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, ambaye hakuwa kadhi wala khatibu, na jina lake halitajwi sana huku kwetu Maniema. Alikuwa mtunzi wa mashairi ya dini. Alichukuliwa kutoka kwao akiwa binti, akaonja utumwa, akarudi, akasoma, na alipofariki mji mzima ulikuwa umejifunza dini kutoka kinywani mwake. Soma habari zake polepole, kisha utaona kwa nini tunaziandika hapa Nyangwe.

JE, MASHAIRI YANA NAFASI KATIKA DINI?

Labda utauliza: mashairi na msikiti vinahusiana nini? Katika mwisho wa Sura ya 26, sura ambayo yenyewe inaitwa sura ya washairi, Mwenyezi Mungu amewalaumu washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Lakini hapo hapo amewatoa katika lawama wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi, wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Angalia neno hilo la mwisho: baada ya kudhulumiwa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit (r.a.), aliyeitetea dini kwa ulimi kama wengine walivyoitetea kwa upanga.

Basi shairi ni kama kisu cha jikoni. Liko shairi la kukata mboga, na liko la kumkata ndugu yako. Mama tunayemtaja leo ni katika wale waliotolewa katika lawama.

MJI WAKE NA NASABA YAKE

Jina lake ni Mana Sitti Habib Jamaluddin, lakini watu wote walimwita Dada Masiti. Kwetu dada ni yule uliyezaliwa naye. Huko kwao Barawa neno hilo ni la kumwita bibi, mama wa mama au mama wa baba. Kwa hiyo Dada Masiti maana yake ni Bibi Masiti. Mji mzima ulimwita bibi yake.

Barawa ni mji wa kale wa Kiislamu kwenye pwani ya Somalia, kusini mwa Mogadishu. Watu wake wanasema lugha yao inayoitwa Chimwiini, ambayo ni ndugu wa Kiswahili, iliyo mbali kuliko zote upande wa kaskazini. Mji ule ulijulikana kwa wafumaji wa nguo, watengenezaji wa ngozi, wafanyabiashara wa baharini, na zaidi ya hao kwa wanavyuoni. Baba na mama wa Dada Masiti wote wawili walikuwa wa koo za Masharifu, watu wanaohesabu nasaba yao hadi kwa Mtume (s.a.w.). Upande wa mama asili yao ilipitia Pate, kisiwa cha karibu na Lamu.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mtoto wa nyumba kama hiyo, katika mji kama huo, husikia Kurani tangu yuko mgongoni. Husikia maulidi, husikia wanawake wakiimba sifa za Mtume huku wanatwanga na kusuka. Kumbuka jambo hili, tutalirudia. Sikio la mtoto halisahau. Kile ulichomwimbia mwanao kabla hajajua kusema, kitamfuata hata pale usipoweza kumfuata wewe.

KUCHUKULIWA KWAKE

Masimulizi ya watu wa Barawa juu ya kuchukuliwa kwake ni mawili. Simulizi la kwanza linasema aliibwa akiwa mtoto wa karibu miaka 6, akapandishwa jahazi na kupelekwa Zanzibar, na huko akakaa katika utumwa karibu miaka 10. Simulizi la pili linasema alikuwa msichana mkubwa, akamfuata mwanamume ambaye jamaa zake hawakumkubali, wakapita Pate hadi Zanzibar, na huko akaachwa peke yake mikononi mwa watu waliomfanya mtumishi asiye na haki.

Ndugu msomaji, simama kidogo hapa. La kwanza linamwacha bila lawama yoyote. La pili linamtia lawama. Na je, si ndivyo watu wanavyosema mpaka leo juu ya kila binti aliyepotea akarudi? Kisimani wanaulizana: alichukuliwa, au alijipeleka? Sokoni wanaulizana vilevile. Wanauliza kana kwamba jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama anastahili sahani ya chakula na nafasi ya kukaa.

Sisi hatutaamua kati ya masimulizi hayo. Yote mawili yanakutana mahali pamoja: binti wa Masharifu, aliyezaliwa muungwana, alikaa miaka mingi Zanzibar chini ya amri ya watu wasio wake, akifanya kazi isiyo na ujira, akiitwa kwa sauti ya kumwita mtumwa. Nasaba yake haikumsaidia kitu. Mbele ya tajiri aliyemmiliki, ukoo wake ulikuwa hadithi tu.

ZANZIBAR YA WAKATI ULE NA NYANGWE YETU

Zanzibar ya siku zile ilikuwa chini ya Seyyid Said bin Sultan wa Oman, aliyehamishia makao yake huko na kuendeleza mashamba ya karafuu. Karafuu zilitaka mikono mingi, na mikono hiyo ilitafutwa bara kwa fedha na kwa bunduki. Misafara ikasogea mbele mwaka hata mwaka: Tabora, Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kabambare, Kasongo. Karibu mwaka 1860 wafanyabiashara wa pwani wakaweka makao hapa kwetu, ukingoni mwa Lualaba.

Wewe unayekaa Nyangwe unajua habari iliyobaki, maana wazee wetu waliisimulia. Tarehe 15 Julai 1871 soko la Nyangwe lilikuwa limejaa, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, vyungu na mafuta. Watu wa misafara wakafyatua bunduki katikati ya soko. Mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa maji, walipojitupa mtoni. Mzungu Livingstone alikuwa hapa siku hiyo, akayaandika aliyoyaona, na maandishi yake yakasaidia kuufanya ulimwengu uikasirikie biashara ile. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa mwaka 1873, wakati wa Seyyid Barghash.

Tusifiche jambo hili katika karatasi ya Ijumaa. Waliofyatua bunduki walikuwa na majina kama majina yetu. Dini haikuwatuma. Katika Sura ya 90 Mwenyezi Mungu ameitaja njia ngumu ya kupanda mlima, na kitu cha kwanza alichokitaja katika njia hiyo ni kumwacha mtumwa huru, kisha kumlisha yatima wa karibu na maskini aliyelala mavumbini. Mtu akiishika dini kwa jina na kuiacha njia hiyo, jina halitambeba.

Ninakueleza haya ili ujue kwamba mama huyu wa Barawa si mgeni kwetu. Alilala katika vyumba walivyolala watu waliotoka kwetu. Wakati wake misafara ilikuwa haijafika Lualaba, lakini njia aliyopita ndiyo waliyoipitia baadaye mababu wa wengi wetu, kwa jahazi au kwa miguu, na minyororo shingoni.

KURUDI KWAKE

Mwenyezi Mungu akampa njia ya kutoka. Inasimuliwa kwamba ndugu yake mmoja wa upande wa mama alimkuta Zanzibar, akamtambua, akamtoa, akamrudisha Barawa.

Hapa kumbuka habari ya Zayd bin Haritha (r.a.). Naye aliibwa akiwa mtoto, wakati mama yake amemchukua kwenda kuwatembelea watu wake, akauzwa katika soko la Ukaz. Baba yake alizunguka nchi za Waarabu akimtafuta, akitunga mashairi ya majonzi, mpaka habari ikamfikia kwamba mwanawe yuko Makka. Kumbuka pia Nabii Yusuf (a.s.), aliyetolewa kisimani na kuuzwa kwa dirham chache, na walioamua bei yake hawakujua wanamuuza nani. Katika habari zote hizi wapo waliomtupa mtoto, na yupo aliyeendelea kumtafuta. Uchunguze moyo wako, ujue ungekuwa upande gani.

Dada Masiti akarudi katika mji ambao kila mtu anamjua kila mtu. Fikiri ilivyokuwa. Wenzake wa umri wake walikuwa wamekwisha kusoma, wengine wameolewa, wana watoto. Yeye amerudi na mikono migumu na lugha iliyochanganyika. Masikio ya watu yako wazi na midomo yao iko tayari.

Angeweza kufungiwa chumba cha nyuma ili wageni wasimwone. Wako wengi waliofanyiwa hivyo, na majina yao yamepotea. Yeye alifunguliwa mlango wa elimu. Akakaa mbele ya ubao kama mtoto, akaanza alipoachia. Akasoma Kurani, akasoma fikihi, akaingia katika tariqa ya Qadiriyya chini ya masheikh wa mji wake, akashika zikri na ibada za usiku. Miaka ikapita, na yule waliyemnong'ona akawa ndiye wanayemwendea kumuuliza.

Hili ndilo neno kubwa la karatasi yetu ya leo, nataka ulichukue uende nalo nyumbani. Watu wakisoma mashairi yake wanasema: mateso ndiyo yaliyomfanya mshairi. Ni kweli nusu. Maelfu na maelfu waliteswa katika njia ile ile, na hawakuacha hata neno moja. Mateso yalimpa jambo la kusema. Lakini kilichompa ulimi wa kulisema ni mambo mawili: kile alichokisikia mgongoni mwa mama yake kabla ya kuchukuliwa, na mlango uliofunguliwa aliporudi. Ukiondoa kimojawapo kati ya hivyo viwili, hakuna Dada Masiti.

KWA NINI ALITUNGA KWA LUGHA YA NYUMBANI

Wanavyuoni wa Barawa walikijua Kiarabu vizuri, na wengi waliandika kwa Kiarabu. Dada Masiti alitunga kwa Chimwiini, lugha ya jikoni na ya uani. Hakufanya hivyo kwa upungufu wa heshima kwa Kiarabu. Alijua nani anamkusudia.

Alikuwa amekaa na wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha. Alijua mtu anayetwanga tangu alfajiri hawezi kukaa darasani, lakini anaweza kushika shairi. Beti fupi, vina vinavyorudi, maneno ya kila siku: mtu akisikia mara tatu anaanza kuitikia, akisikia mara kumi amehifadhi. Kwa njia hii mwanamke asiyejua alif wala be alijua nguzo za dini, alijua toba, alijua namna ya kumsalia Mtume. Wengine wa mji wake walishika njia hiyo hiyo, kama Sheikh Qasim wa Barawa, na mashairi yao yakawa chuo kisicho na kuta.

Unaona jinsi maisha yalivyoingia katika kazi yake? Mtu ambaye hajawahi kuwa chini huandika kwa ajili ya walio juu kama yeye. Yeye aliwahi kuwa chini kabisa, basi alipopewa elimu hakupanda nayo darini akavuta ngazi.

ALICHOKITUNGIA

Mashairi yake yanahusu mauti, kaburi, toba, kumtegemea Mwenyezi Mungu, na mapenzi ya Mtume (s.a.w.) na watu wa nyumba yake. Lililo maarufu zaidi linafungamana na kifo cha Sheikh Nureini Ahmad Sabir, kadhi na mwanachuoni mkubwa wa Barawa, mwaka 1909. Ndani yake anawakumbusha watu kwamba kila mwenye uhai mwisho wake ni mauti, hata awe sheikh wa namna gani.

Utauliza: kwa nini mtu aliyeteseka hakutunga mashairi ya kulia na kulaani? Mimi naona jibu liko katika jambo lenyewe alilolichagua. Mauti ndiyo hakimu asiyeuliza ukoo. Tajiri wa karafuu ataoshwa, atavishwa sanda, atalazwa ubavu. Mtumwa wake vilevile. Mtu aliyepimwa na kupewa bei kama mzigo wa pembe anajua utamu wa habari hii kuliko mtu mwingine. Wewe ukisikia habari ya kaburi unaogopa. Aliyedhulumiwa anasikia ndani yake habari ya haki: iko siku ambayo hakuna bwana ila Mwenyezi Mungu.

Kwa hiyo usiseme hakuyataja mateso yake. Aliyageuza, kama mkulima anavyogeuza majani yaliyooza yakawa mbolea ya shamba.

MAMA MWINGINE WA PWANI

Ili uone vizuri zaidi, mlinganishe na mama mwingine wa zama zake, Mwana Kupona binti Msham, aliyezaliwa Pate karibu mwaka 1810. Huyu hakuchukuliwa. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, mtu aliyepambana na utawala wa Zanzibar kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utenzi wa wasia: amche Mungu, awe na adabu, ampendeze mumewe, atunze nyumba yake. Hakukaa sana duniani baada ya hapo.

Angalia. Mama wa kwanza aliishi katika nyumba ya watawala, akaona vita vikiizunguka nyumba hiyo, na mume wake ameondoka. Akaandika jinsi ya kuilinda nyumba. Mama wa pili alinyang'anywa nyumba akiwa binti, akaandika juu ya nyumba ya akhera ambayo hakuna anayeweza kumtoa mtu humo. Wote wawili ni Waislamu, na wote ni wa pwani moja. Kila mmoja alichota katika kisima alichochimbiwa na maisha yake. Nawe ukitaka kujua mtoto wako atasema nini akiwa mkubwa, usitazame kinywa chake. Tazama unachomwekea leo katika kisima.

NJIA ILIYOFIKA KWETU

Katika mji huo huo wa Barawa, mwaka 1847, alizaliwa Sheikh Uways bin Muhammad. Naye hakutoka katika nyumba ya wakubwa. Alisafiri mpaka Baghdad, akarudi na ijaza ya Qadiriyya, akafika Zanzibar mara kadhaa na kupokewa vizuri na masultani. Aliuawa mwaka 1909, mwaka ule ule aliofariki Sheikh Nureini. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake waliichukua njia hiyo barani, ikafika Tabora na Ujiji, na wakati wa utawala wa Wabelgiji ikavuka Ziwa mpaka kwetu Maniema.

Basi ukisikia zikri ya Qadiriyya usiku wa kuamkia Ijumaa, ujue sehemu ya sauti hiyo ilitoka Barawa, mji wa Dada Masiti. Njia iliyowapeleka mababu zetu pwani katika minyororo, Mwenyezi Mungu aliigeuza ikaturudishia elimu. Tena fikiri juu ya jina lililobaki kwetu. Lugha yetu watu waliiita Kingwana, lugha ya waungwana, yaani watu huru. Wengi walioisema mara ya kwanza hapa walikuwa wametekwa, au walikuwa watoto wa waliotekwa. Waliingia katika dini, wakajiita waungwana, na Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya 49 kwamba mbora kwake ni yule amchaye zaidi. Kwa hiyo mtu anayemnong'ona mwenzake leo kwamba babu yake alikuwa mtumwa wa fulani, anaitukana nyumba yake mwenyewe.

KUFARIKI KWAKE

Dada Masiti alifariki Barawa mwaka 1919, sawa na mwaka 1337 Hijria. Watu wa mji wake wanahesabu kwamba alikuwa amefikia miaka 100 au kupita. Alikuwa ameona mengi: Zanzibar ya Seyyid Said, kufungwa kwa soko la watumwa, kuingia kwa Wataliano katika pwani yake. Watu waliendelea kulizuru kaburi lake kila mwaka na kumsomea.

Tangu vita vya Somalia vya mwaka 1991 watu wa Barawa wametawanyika. Wako Mombasa, wako Uingereza, wako Marekani. Wengi waliacha nyumba na mali. Mashairi ya bibi yao hawakuyaacha, kwa sababu yalikuwa vifuani, na kifua hakihitaji mzigo wa kubeba. Mtoto aliyechukuliwa akaenda ugenini bila kitu aliwawekea wajukuu wake kitu cha kwenda nacho ugenini.

NA SISI, TUNA NINI CHA KUSEMA?

Ndugu yangu, hapa sitaweza kusema juu ya wengine nikajiacha mimi. Baada ya vita vya 1998 hadi 2003 unajua ni watoto wangapi wa nchi yetu walitoka porini. Wavulana tuliwaita makadogo. Wasichana hatukuwapa jina, tuliwatazama tu. Siku moja mama mmoja alimleta binti yake chuoni kwangu. Binti alikuwa amekaa muda mrefu mikononi mwa watu wenye silaha. Mama akasema anataka mwanawe asome Kurani pamoja na wengine. Nikaona macho ya wazazi waliokuwa pale. Nikamwambia mama: subiri Ramadhani ipite, ndimi za watu zipoe, kisha umlete.

Sikumtukana, wala sikumfukuza. Nilisema asubiri. Akaitika vizuri kwa adabu, akamshika mwanawe mkono, wakaenda. Ramadhani ikapita, hawakuja. Nilipouliza nikaambiwa wamehama. Kila ninaposoma habari za Dada Masiti ninamwona binti yule amesimama mlangoni, ameshika mkoba wa kitenge. Ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na ninaomba awe amepata mahali pengine mwalimu aliye bora kuliko mimi.

Kwa hiyo chukua mafunzo haya, uyafanyie kazi tangu leo:

1. Mwimbie mtoto wako jina la Mwenyezi Mungu na sifa za Mtume angali mdogo. Hujui ni wapi atakapokuwa siku hutakuwapo.

2. Aliyepotea mtafute. Usichoke kama baba yake Zayd hakuchoka.

3. Akirudi, usianze na maswali. Anza na maji ya kuoga, chakula na mahali pa kulala. Mengine Mwenyezi Mungu anayajua.

4. Msomeshe, hasa binti. Usimwambie asubiri. Umri haumzuii mtu kushika ubao, wala yaliyompata hayamzuii.

5. Ukipewa elimu, ishushe mpaka uani. Sema kwa lugha wanayoielewa mama zako na jirani zako.

6. Acha kumhesabia mtu babu zake. Sisi sote hapa Lualaba ni watoto wa safari ndefu.

Ewe Mola wetu, mrehemu Dada Masiti na kila mama aliyetufundisha dini bila ya kuandikwa jina lake. Warehemu wote waliokufa katika soko letu na katika maji ya mto wetu, na wote waliokufa njiani wakiwa wamefungwa. Warudishe watoto wetu waliochukuliwa, na ututie katika nyoyo upana wa kuwapokea. Utusamehe milango tuliyoifunga kwa neno dogo. Utujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie karanga. Ukimaliza kusoma mpe jirani, na umsomee mama asiyejua kusoma.